Maua ya Makaburi Yaliyozama

Sutarmi, dada yangu mkubwa, alikuwa amekwisha kumwaga kikapu kizima cha waridi baharini nilipoona kwenye simu kwamba tumekosea mahali.

Tangu bahari imeze makaburi ya kijiji chetu, kila Ramadhani ikikaribia tunakwenda kwa mtumbwi, kama ilivyo desturi, na kukisia yalipokuwa. Mama alituusia tusimwache bila maua. Safari hii nilikuwa nimepakua picha za zamani za angani na vipimo vya miinuko ya ardhi, ambavyo serikali imeviweka kwenye wingu la mtandao, kila mtu achukue bure.

"Dada, mama hayuko hapa. Yuko pale, kwenye ule mwinuko uliozama."

Aliitazama simu, petali moja imemganda kidoleni. Pale palikuwa na mtumbwi mwingine, mzee na wanawe wakimwaga maua yao.

"Kumbe miaka yote nampa jirani!" Kisha akapaza sauti: "Nyie! Huyo mnayemmwagia ni mama yangu! Asanteni, alipenda sana waridi!"

Vijana wakacheka. Mzee hakucheka. Mkono wake ulibaki hewani, umejaa petali.

"Na mke wangu je," akaniuliza, "yuko wapi?"