Sauti ya Nahodha

"Mama, umemuua Baba mara ya pili!" Kadzo alinifokea.

"Nimepiga kura kama watu wengine. Nahodha mmoja afe, abiria arobaini wapone. Wewe ungechagua nini?"

"Ningekumbuka sauti ni ya nani!"

Nilikumbuka. Siku hizi wahusika wa tamthilia ile ya chombo cha angani, ambayo watazamaji huamua kwa kura nani afe, hupewa sauti za marehemu wetu, na mhusika akifa, sauti hufutwa. Nahodha alikuwa na sauti ya mume wangu. Nilidhani nitaweza kukaa bila kuisikia. Asubuhi hii nimejua siwezi.

Kwenye skrini mashabiki walikuwa bado wanamlilia nahodha na kumsifu. Jirani yetu, Mama Nzaro, alikuwa ametuletea vitumbua vya shukrani. Binti yake marehemu ni sauti ya mmoja wa wale abiria.

"Familia ya nahodha inaweza kutengua kura hadi saa sita," Kadzo alisema. "Zimebaki dakika mbili."

Nilivitazama vitumbua. Vilikuwa bado vya moto.

"Lete simu."

Nikabonyeza: nahodha apone, abiria wafe. Kisha nikaenda kufunga mlango kwa komeo.