Shani Akianguka

Kitendawili! Hana macho, lakini anajua siku mwanao alipoota jino. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni kishikwambi cha mwalimu wa chekechea.

“Shani anaunganisha maneno mangapi?” mwalimu alisoma kwenye kioo.

“Matatu,” Tausi, yaya wa mtoto, akamwahi mama mtu. “Na viatu anavaa mwenyewe.”

Wivu ukampanda Sikudhani. “Kwani umemzaa wewe?”

“Nisamehe, mama Shani.”

Mwalimu akaendelea. “Akianguka, humkimbilia nani?”

Tausi akainama. Kidole cha mwalimu kikangoja. Sikudhani angeweza kusema “mimi,” na kishikwambi kingeandika hivyohivyo. Akamtazama binti yake, aliyejifunika uso kwa kanga ya Tausi.

“Andika Tausi,” akasema.