Pilipili ya Gaudensi

Siku hizi kila mwenye baridi yabisi hupandikizwa tumboni bakteria wa mtu mwenye afya, kisha huwalisha kwa unga wa lishe na kikombe cha togwa kila asubuhi. Otilia alipewa wa mumewe, Gaudensi, mwaka mmoja kabla ajali haijamchukua. Vidole vyake vilivyokuwa vimejikunja kama tangawizi vikanyooka, akarudi kukanda unga. Ila yeye, aliyeogopa pilipili tangu utotoni, akaanza kuzitafuna mbichi kama mumewe.

"Marehemu alikuwa mbishi mezani, na tumboni ni mbishi vilevile," aliwachekesha majirani.

Lakini bakteria nao huzeeka. Wiki hii Otilia alishindwa kufungua kopo la unga, na Sista Generosa, muuguzi wa zahanati, akaja na chupa mpya.

"Mama, hawa wamechoka. Ukinywa hii wanakufa wote, wanaingia wa kijana mmoja hodari wa mbio."

"Na pilipili?"

"Hutazitamani tena."

Otilia akacheka. "Kumbe mnaniozesha mkimbiaji uzeeni huu! Iache hapo, mwanangu. Nitakunywa."

Sista alipoondoka, Otilia aliisukumia chupa nyuma ya masufuria. Akaenda uani kuchuma pilipili. Vidole viligoma, ikamdondoka mara mbili, hata akaikamata kwa viganja viwili kama mtoto anayejifunza kula.

"Kula, baba," akaliambia tumbo lake, machozi yakimlengalenga. "Vidole vitajijua vyenyewe."