Milioni Moja na Tatu

Mwalimu Siajabu alikuwa ameandika TASA ubaoni kwa herufi kubwa, na chini yake 1,000,003, wifi yake Mwanaidi alipoingia darasani bila hodi.

"Kaka anaoa Ijumaa," alitangaza mbele ya wasichana arobaini. "Hawezi kuzeeka na..." Macho yakatua ubaoni. Akacheka. "Afadhali umekiri mwenyewe!"



"Hiyo ni namba, wifi." Sauti ya Siajabu ilipanda. "Inaitwa tasa kwa sababu haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Wanangu hawa wameihangaikia wiki nzima. Na mimi nimepimwa hospitali mbili, nikaambiwa mzima. Kaka yako nimembembeleza miaka tisa akapimwe, hajakanyaga hata getini. Lakini neno la kuniita mimi mnalo. La kwake liko wapi?"

"Usinipandishie sauti!"

"Shika chaki. Darasa la saba ulimaliza. Igawe kwa namba nyingine yoyote. Isipobaki kitu, nafunga virago leo, na pilau la harusi nalipika mimi."

Mwanaidi akainyakua. Akajaribu tatu, ikabaki moja. Saba, ikabaki nne. Kumi na moja, nne tena. Akafuta kwa kiganja, akaanza upya.

Kengele ya mapumziko ikalia. Hakuna msichana aliyeinuka.

"Jaribu kumi na tatu, shangazi," mmoja akamwambia taratibu. Na Mwanaidi, buibui limejaa vumbi jeupe, akaandika kumi na tatu.