Mkono Nyuma ya Maandishi

Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limebomoka pale Kewanja, na mdogo wa Nchagwa alikuwa ndani. Kamera yenye kipimo cha hewa ambayo Nchagwa aliishusha kwa waya ilileta picha, lakini maandishi ya kipimo hicho yalivurugika yakafunika skrini yote.

"Mwanangu, unamwona?" mama yake aliuliza.

"Bado, mama."

Kurekebisha programu kungechukua muda mrefu. Akaiamuru ifute maandishi yote. Kipimo cha hewa nacho kikapotea.

Picha ikabaki peke yake. Katikati ya vumbi, mkono ulikuwa ukikwaruza jiwe, kucha zikivuja damu.

"Yuko hai!" mama akalia.

"Na hewa je?" akauliza mchimbaji aliyeshika kamba.

"Sijui," Nchagwa alisema, akijifunga kamba kiunoni.