Laini Utaipata Nyumbani

Kidole cha Shabani kilikuwa karibu kabisa kugusa mashine ya alama za vidole pale Sufiani alipomdaka mkono.

"Kaka, acha. Laini utaipata nyumbani."

"Mkuyuni kuna laini gani ambazo hapa Msamvu hakuna?"

Shabani alicheka, akacheka peke yake. Alikuwa ametoka Lusaka juzi, makalio yamekufa ganzi kwa kukaa kwenye basi, na simu yake ilikuwa imebaki tochi tu, maana laini ya Zambia ilikata palepale Tunduma mpakani. Janeth, wakala wa laini aliyeketi chini ya mwavuli nje ya stendi, alikuwa ameshaipiga picha pasipoti yake. Kilichobaki ni kidole. Dakika tano, basi.

Sufiani alimvuta yule dada pembeni, akamnong'oneza. Janeth aliporudi hakumtazama tena Shabani usoni.

"Mtandao wa usajili umegoma," alisema, akamrudishia pasipoti kwa mikono miwili. "Pole sana, kaka yangu."

Pole ya nini? Mtu hapewi pole ya namna ile kwa kukosa laini.

Hapo moyo wa Shabani ukalia paa! Alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa Mkuyuni, na watu wake anawajua. Aliye safarini haambiwi. Anaambiwa mgonjwa hajambo, anapakiwa kwenye gari, anasindikizwa mpaka kwenye turubai, ndipo anaposhikwa mabega. Yeye mwenyewe aliwahi kumfanyia hivyo binamu yake Salimu, akampigisha soga njia nzima kutoka Turiani, na baba yake Salimu yuko ndani ya sanda.

Alikuwa amekuja kwa ajili ya mama. Wiki iliyopita mdogo wake huyuhuyu Sufiani alimpigia: presha imepanda, mama hajiwezi, anakuita. Miaka tisa Shabani hakuwa amekanyaga nyumbani. Baba yake alipofariki, alimzika kwa simu, spika ikikoroma, na mama akaapa kwamba hatamwita tena kwa lolote. Sasa amemwita. Zuleha, mkewe, alitaka waje wote pamoja na watoto, Shabani akakataa. Watoto wana shule, na baridi ya mwezi wa sita barabarani si ya mchezo. Alichotaka yeye ni radhi ya mama yake, aipate kwa kinywa chake mwenyewe, akiwa hai. Haja nyingine hakuwa nayo.

"Nipe simu yako," alisema walipoingia kwenye gari la kukodi.

"Imeisha chaji."

Simu ikanguruma mfukoni mwa Sufiani. Wote wawili waliisikia.

"Nataka tu kumwambia shemeji yako nimefika."

Sufiani aligeukia dirishani. "Tufike kwanza, kaka."

Walipita Bigwa. Walipofika Kiroka, Shabani aliona kibanda cha laini kando ya barabara, akamwambia dereva asimame. Dereva alimtazama Sufiani kwenye kioo, kisha akakanyaga mafuta. Ebo! Kumbe dereva naye anajua! Wakala anajua, dereva anajua, pengine hata wauza ndizi wa barabarani wanajua, asiyejua ni mwenye mama tu!

"Mama yuko wapi, Sufiani?"

"Nyumbani."

"Mzima?"

"Mzima, kaka. Jana kanywa uji, leo kasimama mwenyewe. Wallahi."

Kiapo kile kilimchoma kuliko kitu chochote. Sufiani ni mwadhini wa msikiti, mtu wa dini haswa, na leo anamwapia uongo ndugu yake wa tumbo moja. Basi Shabani akaangua kilio mle garini, kilio cha mtu mzima kisicho na adabu, machozi na kamasi. Miaka tisa! Angeshindwa nini kuja mwaka jana? Angeshindwa nini kuja mwaka juzi? Akajitukana matusi ambayo hata dereva aliona haya kuyasikia.

Sufiani alimkumbatia, naye akaanza kulia.

"Nisamehe, kaka. Wazee ndio walioamua usiambiwe njiani."

Mkuyuni, turubai lilikuwa limefungwa uani. Wanaume walikuwa kwenye viti vya plastiki. Wanawake walikuwa kwenye majamvi, kanga vichwani, na gari lilipoonekana tu vilio vikapanda.

Shabani alishuka. "Mmeshamzika?" aliuliza. "Nawauliza, mmeshamzika?"

Wanawake wakapisha njia. Bibi mmoja akatoka katikati yao, amedhoofu, ameshikwa huku na huku, mguu mmoja anauburuta. Shabani alimtazama mara moja, akamtazama tena, kisha akaanguka magotini pake.

"Mama! Shikamoo, mama!" Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kama mtu aliyerukwa na akili. "Alhamdulillahi! Nilijua nimekukosa, mama yangu! Nisamehe, nisamehe!"

"Nimekusamehe, baba. Nimekusamehe yote."

Lakini shikamoo hakuiitikia. Alijishusha taratibu mpaka jamvini, akamkalisha Shabani ubavuni pake na kumshika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Jana asubuhi walipiga simu kutoka Lusaka, mwanangu," alisema. "Zuleha na watoto walilala na jiko la mkaa ndani. Hakuna aliyeamka."