Punje Ndefu ya Kibwana

Kibwana alikuwa amemwapia mama mkwe wake kwamba mahindi matamu ya nyuma ya nyumba yake ni marefu hata kunguru akipaa kwenda kileleni hutua katikati kupumzika, na kwamba mdudu hajawahi kuyagusa. Aliyachemsha na maganda yake ili utamu usitoke, wala hakuchungulia ndani.

Mkwe huyo, Bi Mize, alikaa mkekani. Binti yake Mwanaidi, aliyekuwa amerudi kwao kwa kuchoshwa na uongo wa mumewe, alisimama mlangoni, mkoba begani.

"Nikishiba bila kusikia uongo," alisema Bi Mize, "mkeo anabaki."

Akamenya hindi la kwanza. Nywele zake zilikuwa nyeusi, zinateleza kama kamasi. Kwenye ncha, katikati ya uji wa kinyesi, kiwavi mnene alikuwa ameiva, tumbo limevimba, anavuja maji ya kijani. Harufu ikapanda, kama ya tambara la kudekia lililosahaulika ndooni.

"Baba, hiki nini?" Bi Mize alimuuliza mkwewe.

Ulimi wa Kibwana ukamtangulia. "Punje hiyo, Mama. Hii mbegu mpya, ina punje ndefu."

"Ahaa! Basi itie mdomoni, nione."

Kibwana alimtazama mkewe, kisha akaitia punje yake mdomoni. Ikapasuka, ikatema uchungu, na kijiguu kikanasa katikati ya meno.

"Tamu?"

"Mno, Mama," alisema, machozi yakimlenga.

Mlangoni, Mwanaidi alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika; kama ni kicheko au kichefuchefu, haikujulikana. Mkoba ukamteleza hadi kwenye kiwiko.

Bi Mize akamenya la pili, akachungulia, akamsogezea mkwewe punje nyingine ndefu.